SABUNI YETU SHILINGI 8,000: NI HAKI AU NI ULANGUZI?

Ndugu wanaushirika na wanakijiji wote,

Tangu tubandike bei ya sabuni ya mwani kwenye ubao huu, maneno yamekuwa mengi. Kisimani, barazani, hata ndani ya daladala, tunaulizwa: "Kipande kimoja shilingi 8,000? Kwani hiyo inaosha na dhambi?" Dukani kipande cha sabuni ya mche ni shilingi 1,000. Swali ni la haki, na ushirika unaokimbia maswali ya wanachama wake hauna umri. Leo tunajibu.

Kwanza tusidanganyane. Kwa kuondoa uchafu, sabuni yetu haiishindi ya dukani. Sabuni zote kazi yao ni moja: upande mmoja hushika mafuta na taka, upande wa pili hushika maji, ukisuuza vyote vinakwenda. Mwaka 2020, wakati wa korona, tulifundishwa kunawa sekunde 20 kwa sabuni na maji. Hakuna aliyeambiwa atafute sabuni ya shilingi 8,000. Kwa hiyo mama anayenunua kipande cha dukani asione haya. Watoto wake watakuwa safi kama wa mwengine yeyote.

Sasa hizo 8,000 zinakwenda wapi? Hesabu ya kipande kimoja cha gramu 100 ni hii:

Nazi: 1,000
Soda, mafuta ya karafuu na mwani: 900
Kuni na nauli: 600
Kifuko cha ukili: 1,000
Ujira wa watengenezaji: 3,000
Mfuko wa ushirika: 1,500
Jumla: 8,000

Hebu tazameni hapo kwenye nazi. Kilo moja ya mafuta tunaipata kwa nazi kama 12, na kilo hiyo inatoa vipande 12 hivi. Yaani kila kipande kimekula nazi nzima! Nazi hiyo imefuliwa, imekunwa, imekamuliwa tui, na tui limepikwa mpaka mafuta yakajitenga. Kiwanda hakikuni nazi. Kinanunua mafuta ya mawese kwa shehena, mashine inafanya kazi usiku na mchana, na viwanda vingi huitoa gliserini na kuiuza mbali. Ndiyo mana bei yake iko chini. Ya kwetu gliserini inabaki mle mle, na ngozi haikakamai sana. Tena sabuni ya nazi inatoa povu hata kwa maji ya chumvi, na visima vyetu mnavijua wenyewe.

Pili, kuna jambo la mwani. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza hapa Unguja mwaka 1989, upande wa Paje na Jambiani, na tangu hapo wakulima wengi ni wanawake. Wanainama majini maji yakitoka, wanafunga vipando kwenye kamba, wanabeba viroba vya mwani mbichi mgongoni, wanaanika, halafu mnunuzi anakuja na bei yake mfukoni. Mwani unasafiri nje kuwa dawa ya meno na aiskrimu, na sisi tunabaki na maumivu ya kiuno. Maji nayo yamezidi joto, na ile aina nene yenye bei nzuri inakufa mara kwa mara. Sabuni ndiyo njia tuliyoipata ya kuuza mwani wetu kwa bei tunayoipanga wenyewe. Huko ndiko kujitegemea tulikokuwa tukikuimba siku zote.

Kwa hiyo mgeni anayelipa 8,000 hajaibiwa. Amelipia nazi, ukili na mikono ya watu, na pesa imebaki kijijini. Mlanguzi ni yule anayeficha mali ili bei ipande. Wazee wanaikumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, sabuni ilipokuwa adimu Tanzania nzima, watu wakapanga foleni tangu alfajiri na wengine wakafulia majani ya mpapai. Ule ulikuwa ulanguzi. Sisi hatufichi kitu, na hesabu yetu iko ukutani.

Lakini bei hii ni haki kwa masharti, na hapa lazima tujisute wenyewe.

Kabla ya Idi iliyopita tulikuwa na haraka ya oda ya hoteli. Betri ya mizani ilikuwa imekwisha. Badala ya kungoja, tukapima soda kwa kikombe. Kilo moja ya mafuta ya nazi inataka gramu 183 hivi za kostiki soda ili igeuke sabuni yote. Kanuni yetu ni kutia 174 tu, mafuta kidogo yabaki kulainisha ngozi. Kikombe hakijui gramu. Tena sabuni inayotaka kukaa wiki 6 ikauke, tuliitoa baada ya wiki 2. Matokeo yake mnayajua: katoni zilirudishwa, vipande vimelainika kama ubwabwa, na dada yetu mmoja aliyejaribu kuogea aliwashwa mikono siku tatu. Bei ilikuwa ile ile 8,000. Siku ile, jamani, ilikuwa wizi, na walioufanya ni sisi.

Kosa la pili ni la mdomo. Baadhi yetu wanawaambia wageni ati sabuni ya mwani inaponya mapunye, chunusi, hata mba sugu. Nani kawaambia? Sabuni ni sabuni. Mwenye maradhi ya ngozi aende kituo cha afya. Na mafuta ya karafuu yakizidi yanachoma, si dawa hayo. Njia ya mwongo ni fupi. Mgeni akidanganywa mara moja, hoteli zote za pwani zitapata habari kabla ya magharibi.

Kosa la tatu ndilo linalotuuma zaidi. Bibi anayesuka kifuko cha ukili hawezi kuinunua sabuni inayotiwa ndani yake. Ushirika gani huo?

Basi rai yetu kwa mkutano wa Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, ni hii:

1. Sabuni ya wageni ibaki 8,000. Wanaotaka tuchanganye mafuta ya bei rahisi na kupunguza siku ili tuuze 4,000, tunawapinga waziwazi. Tutauza 4,000 mara moja tu, mara ya pili hatuna mnunuzi.

2. Bila mizani hakuna sabuni. Kila ubao wa sabuni uandikwe tarehe, na usiguswe kabla ya wiki 6.

3. Tutengeneze sabuni ya wanakijiji: nazi tupu, haina karafuu, haina mwani, haina kifuko. Nazi 1,000, soda na kuni 500, ujira 500. Jumla 2,000. Ujira huo ni mdogo, tunakiri, na pengo lijazwe na ule mfuko wa 1,500. Mgeni amsaidie mwenyeji japo hajui.

Hata hiyo 2,000 bado iko juu ya bei ya dukani. Asiyeweza, anunue ya dukani, hatumlaumu. Anayeweza, ajue anamlipa jirani yake.

Njooni Jumamosi mseme. Manung'uniko ya kisimani hayaandikwi kwenye daftari la mkutano.

Ushirika ni nguvu. Kazi njema.

Sisi wa Kamati ya Ubao