Kimbunga Unguja: Ni nadra, si muhali

WAKAZI wa Mji Mkongwe wamezoea Kaskazi na Kusi, lakini historia inaonya kuwa kimbunga si balaa la nchi za mbali tu.

Aprili 1872, kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na kuangamiza merikebu za Sultani Barghash bandarini. Pemba ilisalimika, ikawa ndiyo kitovu cha karafuu.

Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye joto la takriban nyuzi 27 za Selsiasi. Hewa yenye unyevu hupanda, mgandamizo wa hewa chini hupungua, na upepo hukimbilia hapo kutoka pande zote. Mzunguko wa dunia huupinda upepo huo ukazunguka. Karibu na ikweta nguvu hiyo ni dhaifu, na Unguja ipo nyuzi sita tu kusini yake. Ndiyo maana vimbunga ni nadra.

Hata hivyo, Mei 4, 2024, Kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Na hata bila kimbunga, Julai 18, 2012, Mv Skagit ilizama karibu na Chumbe katika upepo mkali. Kwa kisiwa kinachoishi kwa boti, tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa haina budi kutangulia nauli.