Simu Isiwe Shangazi wa Watoto Wetu

Wapendwa akina mama,

Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, wengi wetu huku Nyarubungo tuliisikia kama habari ya mjini tu. Baadaye vikaja vibanda umiza. Hata hivyo, mzazi aliyemkosa mwanawe jioni aliweza kwenda kumtafuta kibandani, akamrudisha nyumbani. Leo picha za uchi zimo ndani ya simu, na mtoto anaweza kuzitazama akiwa amelala chumba cha pili.

Tukitoka ibadani tunalalamika kwamba vijana wameharibika. Lakini tujiulize, sisi tuliwaambia nini? Zamani binti alikuwa na shangazi au bibi wa kumweleza mambo ya ukubwa. Sisi tumeona aibu, tukanyamaza. Basi simu imekuwa shangazi.

Na shangazi huyo ni mwongo. Humwonyesha kijana kwamba mwanamke ni kitu cha kutumiwa, asiye na haki ya kukataa. Humfundisha binti kwamba thamani yake ni mwili. Hasemi habari za mimba wala UKIMWI, wala za mume na mke kuheshimiana na kuvumiliana. Kijana anayelelewa hivyo ndiye kesho atakayekuja kuposa kwetu.

Liko jambo zito zaidi. Binti hubembelezwa atume picha yake, kisha mwanamume humtishia kwamba ataisambaza asipomtii. Akijua mama atampiga, atamtii yule mwanamume. Akijua mama atamsikiliza, atakimbilia nyumbani. Mama, binti yako angekimbilia wapi?

Yakitokea, tusimfukuze mtoto wala tusimalize mambo kwa siri. Ujumbe wa vitisho usifutwe, maana ni ushahidi. Tupige namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, au twende Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono, na inataja picha za watoto kuwa kosa la peke yake. Kwa hiyo hata sisi tukiletewa picha ya binti wa watu, tusiipeleke kwa jirani "aone maajabu". Tutakuwa tumemvua nguo mara ya pili.

Nyumbani tuanze mapema, kabla mtoto hajabalehe. Tuseme naye tukichambua maharage au tukimenya ndizi, bila ukali. Usiku simu zote zilale sebuleni, ya baba na ya mama pia. Tena tuzungumze na waume zetu, maana mtoto wa kiume humwiga baba. Mfalme Daudi alianza kwa kutazama tu kutoka juu ya nyumba yake, na mwisho wake Uria aliuawa.

Aibu ya kusema ni ya dakika chache. Kilio cha kunyamaza ni cha miaka. Mwezi huu, kila mmoja wetu aanze na mtoto mmoja.

Mungu azilinde nyumba zetu.