Bustani ya Nyumbani na Hesabu ya Miongo

Katika vijiji vya kaskazini ya Pemba, bustani iliyo nyuma ya nyumba aghalabu haihesabiwi kuwa shamba. Shamba ni mikarafuu, ni bonde la mpunga, ni muhogo. Bustani ni kazi ya akina mama na watoto, na mazao yake huingia chunguni bila kupita mizanini. Kwa sababu hiyo elimu iliyomo ndani yake hupuuzwa, na shuleni hutajwa kwa nadra. Huo ni upungufu mkubwa, tena ulio rahisi kuuondoa.

Na utazamwe mfano wa Msuka, kijiji cha Wilaya ya Micheweni kilicho upande wa Rasi ya Kigomasha. Misimu ya huko hutawaliwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi na kuleta joto na ukavu. Upepo ugeukapo kuwa kusi huja masika, mvua kubwa za Machi hadi Mei. Hufuata kipupwe na baridi yake, pamoja na mvua ndogo za mchoo. Na kuanzia Oktoba huja vuli.

Mwenye bustani hubadili kazi kwa kadiri hiyo. Wakati wa masika huinua matuta ili maji yasituame kwenye mizizi, na hupanda kunde, chooko, bamia na vipando vya muhogo. Tungule huzingojea siku za kipupwe, kwani katika unyevu wa masika ukungu huziharibu, na katika joto kali la kaskazi maua yake mengi hupukutika. Kiangazi kikiingia, vitalu hushushwa chini ya usawa wa ardhi ili maji yasipotee, na udongo hufunikwa kwa majani makavu. Mgomba nao hupandwa pale yanapotokea maji ya kuogea. Hakuna tendo hata moja kati ya hayo lisilo na sababu ya kisayansi, ingawa wanaoyatenda hawayaiti sayansi.

Ushahidi mzuri wa jambo hili ulitokea Afrika Mashariki yenyewe. Mwaka 1958 mtaalamu H. F. Birch, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Muguga nchini Kenya, alieleza yanayotokea udongo uliokauka unaporoweshwa tena. Vijidudu vya udongo huamka kwa ghafla, huozesha mboji kwa kasi, na kuachilia nitrojeni nyingi katika muda wa siku chache. Mche ulio tayari ardhini huipata nitrojeni hiyo. Mche unaochelewa huikosa, kwa kuwa mvua zinazofuata huisukuma chini kusikofikiwa na mizizi. Basi bibi anayewahimiza wajukuu wapande mara mvua za kwanza zinaposhika hasemi kwa mazoea matupu. Katika udongo wa kichanga, ambao haushiki rutuba kwa muda mrefu, haraka hiyo ina faida zaidi.

Lakini mvua za kwanza ni zipi? Hapo ndipo penye mashaka, na hapo ndipo mbegu nyingi hupotea. Manyunyu ya siku mbili huweza kumdanganya mkulima. Akapanda, jua likarudi, miche ikanyauka. Mbegu iliyowekwa akiba mwaka mzima humalizika kwa wiki moja.

Wazee wa pwani hawakuachia jambo hili bahati. Walijua kwamba mwaka wa Kiislamu, wenye siku 354 au 355, hauwezi kuongoza kilimo, kwani miezi yake huzunguka misimu yote. Kwa hiyo walihesabu pia mwaka wa jua unaoanzia Nairuzi, wenye miongo 36 ya siku kumi kumi na siku 5 za ziada. Hesabu hiyo ni kazi ya akili iliyostahili kufundishwa darasani pamoja na kalenda za mataifa mengine.

Hata hivyo, heshima isizuie uchunguzi. Mwaka wa siku 365 ni mfupi kuliko mwaka halisi wa jua kwa karibu robo ya siku, nao hauna siku ya kurekebisha. Kwa hiyo Nairuzi hutangulia siku moja kila miaka minne, yaani siku 25 kwa karne. Katikati ya karne ya 19 iliangukia mwishoni mwa Agosti. Siku hizi huangukia Julai. Kanuni ya kupanda iliyofungwa kwenye mwongo fulani zama hizo, ikifuatwa leo bila kusahihishwa, itamwamuru mkulima apande mapema kwa zaidi ya mwezi mmoja. Wazee wenye ujuzi waliiepuka hatari hiyo kwa kutazama pia upepo na nyota. Kilimia, kwa mfano, hutoweka katika anga ya jioni mwezi Mei, na hakitelezi kama hesabu inavyoteleza. Hatari iko kwa kijana anayerithi hesabu bila kurithi macho ya kutazama.

Wako watakaosema kwamba utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unatosha. Utabiri huo ni wa lazima, hasa kwa vuli, ambayo hubadilika mno mwaka hadi mwaka; mvua kubwa za mwaka 1997 na za mwaka 2019 zilidhihirisha hayo. Lakini utabiri huzungumzia eneo pana, na wala hausemi udongo wa kitalu fulani umelowa kiasi gani.

Yafaa basi kila shule ya sekondari iwe na kopo lenye pande zilizonyooka, lililowekwa mahali pa wazi, na mvua ipimwe kwa rula kila siku saa tatu asubuhi. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Bustani ya mita 10 kwa 6 ikipata milimita 5 imepokea lita 300, yaani ndoo 15 za lita 20. Katika daftari hilohilo kuandikwe mwongo, upepo, siku ya kupanda, na kilichoota. Mwanafunzi amwulize bibi yake na kuyaandika majibu, kisha apime.

Baada ya miaka kumi shule itakuwa na kumbukumbu isiyopatikana katika kitabu chochote. Isipoandikwa, wajuao watakwisha mmoja mmoja, na vizazi vijavyo vitalazimika kuanza upya kujifunza yale ambayo Msuka ilikwisha kuyajua.