Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu Utumishi: Mizigo ya mstaafu wa Dodoma iende wapi?

Kwa Katibu Mkuu, Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora, Dodoma.

Ndugu Katibu Mkuu,

Mtumishi aliyekuwa na miaka 50 mwezi Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali yote itahamia Dodoma kabla ya mwaka 2020, anatimiza miaka 60 mwaka 2026. Huo ndio umri wa kustaafu kwa lazima. Rika lake zima la wahasibu, makatibu muhtasi, madereva, maofisa tawala na watunza kumbukumbu limefika wakati wa kukabidhi ofisi. Walihamishwa wakiwa watu wazima, na sasa wanatakiwa kuhama tena wakiwa wazee. Barua hii inaandikwa kwa ajili yao.

Uamuzi wenyewe ni wa zamani. TANU iliupitisha mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA ambayo wenyeji wa Dodoma hawajaisahau. Kazi ilitarajiwa kuchukua miaka kumi hivi. Ikaja Vita ya Kagera, ukaja ukata wa miaka ya 1980, na kizazi kizima cha watumishi kikaajiriwa, kikapanda vyeo na kikastaafu kikiwa Dar es Salaam huku makao makuu yakiwa Dodoma kwenye makaratasi. Kwa hiyo mtumishi aliyenunua kiwanja Goba au Chanika mwaka 2005, akapandisha nyumba tofali kwa tofali kwa mikopo ya SACCOS, hakukosea hesabu. Alifanya kama walivyofanya waliomtangulia kazini.

Kisha mambo yakaenda kasi. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alihamia Dodoma Septemba 2016. CDA ikavunjwa Mei 2017, na hati za viwanja zilizokuwa za miaka 33 zikawa za miaka 99. Aprili 2018 Dodoma ikapandishwa hadhi kuwa jiji, mwaka uliofuata wizara zikafungua milango Mtumba, na mwaka 2023 Ikulu ya Chamwino ikazinduliwa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa hiyo. Ile ya 2022 ikakuta jiji lenye watu 765,179. Ni kazi kubwa, na waliobeba sehemu yake nzito ni hawa wanaostaafu sasa.

Ofisi zilihama. Kaya nyingi zilibaki. Ushahidi uko stesheni ya SGR siku ya Ijumaa jioni, watu wazima wakiwa na begi moja la mgongoni wakielekea Dar es Salaam, na Jumapili wakirudi. Treni hiyo, iliyoanza safari za Dodoma Julai 2024, imewaokoa na mateso ya basi ya kutwa nzima. Lakini ilipoanza, nauli ya mtu mzima daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000. Kwa nauli hiyo, aliyekwenda na kurudi kila wiki, kwa wiki nne, alitumia shilingi 248,000 kwa mwezi ili awaone mke na watoto, juu ya kodi ya chumba Dodoma na bili za nyumba ya Dar es Salaam.

Kwa nini familia haikufuata? Jibu la haraka ni shule za watoto. Jibu zito zaidi limo ndani ya daftari la chama.

Tabata, Mbagala au Kimara, mtu mwenye miaka 50 huwa ameandikwa katika daftari la chama cha kuzikana kwa miaka mingi. Amelipa kiingilio na michango ya kila mwezi. Amekesha kwenye matanga ya wengine, amebeba viti na maturubai, amechimba kaburi la jirani. Mkewe amekaa kwenye moshi wa jiko la msiba tangu alfajiri. Hayo yote ni akiba, na daftari hilo haliombewi uhamisho. Akifika Nkuhungu au Nzuguni, Dodoma, ni mgeni, hata kama jina lake limo kwenye orodha ya mshahara wa wizara. Kijana wa miaka 28 ana muda wa kuanza upya na kujaza ukurasa wake polepole. Mwenye miaka 54 ana wazazi wakongwe, ana marafiki wa rika lake wanaoanza kutangulia, na imebaki miaka sita ya kazi. Akifiwa Jumanne usiku, nani atakuja na turubai? Hata posho ya usumbufu, ambayo kwa jina lake inakiri kuwa kuhama kunaumiza, haikukusudiwa kufidia jambo la namna hiyo.

Halafu kuna mwenza. Utumishi una utaratibu wa uhamisho wa kumfuata mwenza, na ni utaratibu wa kibinadamu. Ugumu ni kwamba mume anaweza kuwa wa wizara, aliyehamishwa pamoja na ofisi yake yote kwa amri moja, na mke akawa mwalimu wa msingi chini ya halmashauri. Huyu mwalimu anaomba peke yake, anasubiri nafasi, na mara nyingi anatafuta mwenzake wa kubadilishana naye kituo. Mfumo wa ESS wa kuomba uhamisho kwa mtandao umepunguza safari za kupeleka barua mkono kwa mkono, lakini haukuondoa hali ya ndoa moja kuwa na waajiri wawili wanaofanya uamuzi mmoja bila kuulizana. Serikali iliyomhamisha mume ndiyo hiyohiyo inayomwajiri mke.

Afya nayo ina hesabu yake. Umri wa miaka 50 ni umri wa presha, sukari na magoti. Dodoma haina upungufu wa wataalamu kama wengi wanavyodhani: Hospitali ya Benjamin Mkapa inapandikiza figo tangu mwaka 2018. Ila mgonjwa aliyezoeana na kliniki yake Dar es Salaam kwa miaka kumi hupanga tarehe zake huko, na wikiendi ya familia inageuka kuwa safari ya daktari.

Wapo waliotia mizizi, na inafaa waigwe. Waliojenga mapema Iyumbu au Ihumwa baada ya hati kuwa za miaka 99, waliojifunza kuhifadhi maji kwa simtanki kwa sababu wanajua mgao, waliopata ekari za zabibu Hombolo au Mpunguzi ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Wengi wa hawa walihama na wenza wao tangu mwanzo.

Wengine walipanga kujenga kwa fedha za mkupuo wa pensheni. Watumishi wa Serikali Kuu waliokuwa wanachama wa PSPF walizoea kwamba mkupuo ni asilimia 50. Kikokotoo cha Julai 2022 kiliushusha hadi 33, na bajeti ya 2024/25 ikaupandisha hadi 40. Pengo lililobaki kwa mtu wa kipato cha kati ni bati, au ni kisima. Nyumba ya Dodoma iliyokuwa kwenye ramani imebaki kwenye ramani.

Ndipo linapokuja suala la mizigo. Mwajiri humsafirisha mstaafu na mizigo yake hadi nyumbani, na nyumbani ni pale palipoandikwa kwenye kumbukumbu zake alipoanza kazi. Aliandika Kasulu au Rungwe akiwa kijana wa miaka 25. Kasulu kuna kaburi la baba na shamba linalolimwa na wadogo zake. Dar es Salaam kuna nyumba, na watoto waliokwisha kuwa wakubwa. Dodoma kuna vyombo vyake, kitanda na miaka kumi ya maisha. Mtu wa miaka 60 asilazimike kujibu kwa kumbukumbu ya kijana aliyekuwa zamani.

Yanayoombwa na barua hii yako ndani ya uwezo wa ofisi yako. Amri ya kumhamisha mtumishi aliyevuka miaka 45 itoke pamoja na jibu la mwenza wake aliye kwenye utumishi wa umma, ndani ya mwezi mmoja. Semina za kujiandaa kustaafu zianze miaka mitano kabla, waalikwe wenza, na saa ya kwanza itumike kujadili watakakoishi kabla ya kufika kwenye biashara ya kufuga kuku. Mtumishi aruhusiwe kubadili mahali pa kurudi kustaafu kwa tamko moja lililosainiwa, na Dodoma iwe miongoni mwa majibu yanayokubalika bila maswali. Na kabla ya kundi la 2026 kumaliza kukabidhi ofisi, wahesabiwe wangapi kati yao wameishi mbali na familia zao tangu wahame, kisha hesabu hiyo itangazwe hadharani ili wanaofuata wapangiwe vizuri zaidi.