Baiskeli Haikuumbwa kwa Mizigo Tu

Kanda ya Ziwa baiskeli imebeba kila kitu: magunia ya mkaa, madumu ya maji, kreti za soda, mgonjwa anayewahishwa zahanati. Si ajabu basi kwamba watu wengi huiona kuwa chombo cha shida. Mtu huipanda kwa sababu hajapata pikipiki, na siku akiipata, baiskeli huegeshwa nyuma ya nyumba ikaota kutu. Wazo hilo lina ndugu yake: kwamba kutalii ni kwa wageni, tena ni Serengeti na Kilimanjaro, kwenye simba au kwenye kilele. Nchi tambarare ya mihogo na michungwa kando ya ziwa, wanasema, haina cha kutazamwa. Mawazo yote mawili nayapinga, na shahidi wangu ni kisiwa cha Ukerewe, ndani ya ziwa hilohilo.

Nilipopita huko na rafiki yangu, tulimkuta mzee amekaa kibarazani kwake, kando ya barabara ya vumbi inayotoka Nansio kuelekea magharibi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu. Mmebeba nini?"

"Hatujabeba kitu, babu. Tunatembea tu."

"Mnatembea? Kwa baiskeli?"

Alinyamaza kidogo, akazitazama keria zetu tupu. Kisha akasema, "Basi piteni na Rubya. Kule kuna kivuli."

Mzee huyo hakuhitaji kuhubiriwa. Swali lake la kwanza lilitokana na maisha aliyoyaishi, ambamo baiskeli bila mzigo ni hasara. Lakini alipoelewa kwamba mtu anaweza kupiga pedeli kwa ajili ya kuona nchi tu, alitupa ushauri mzuri kuliko wote tuliopewa siku ile.

Kosa la wanaodharau baiskeli ni kudhani kwamba kifaa kilichotumika kwa taabu hakiwezi kuleta furaha. Wasukuma, majirani wa Wakerewe, wanalikanusha hilo kila wanapocheza Bugobogobo. Jembe lilelile linalowavunja migongo shambani hutupwa hewani, likadakwa, likafuata mdundo wa ngoma, na umati ukashangilia. Sijapata kumsikia mtu akisema kwamba wale wanacheza na jembe kwa kuwa wamekosa trekta.

Wala si kweli kwamba mwenye uwezo huikimbia baiskeli. Kati ya Ujerumani, Uswisi na Austria kuna ziwa liitwalo Bodensee. Eneo lake ni kilomita za mraba 536, karibu sawa na kisiwa chote cha Ukerewe. Kulizunguka kuna njia ya baiskeli ya kilomita zipatazo 260, na kila majira ya joto maelfu ya watu huipita, wakiwemo wastaafu ambao wameacha gari nyumbani. Hawaendi kutafuta wanyama. Wanapita kwenye mashamba ya matofaa na mizabibu, wanalala vijijini, wanakula samaki wa ziwa. Ukiondoa aina ya matunda, ni mambo yaleyale tuliyonayo sisi.

Sasa niseme juu ya utambarare, maana hapo ndipo dharau ilipo kubwa. Ukerewe si tambarare kama sakafu. Ina miinuko midogo na majabali makubwa yaliyopandana. Lakini kwa sehemu kubwa ardhi yake ni ya upole, na upole huo ndio thamani yake kwa msafiri. Anayepanda mlima kwa baiskeli huona gurudumu lake la mbele na jasho lake. Dereva wa pikipiki hana budi kukodolea macho mashimo, na abiria wake hasikii ila injini na upepo. Mwendo wa kilomita kumi au kumi na mbili kwa saa kwenye ardhi ya upole haudai nguvu nyingi, kwa hiyo macho na masikio yanabaki huru. Ukiwa juu ya kiti cha baiskeli unaona hata juu ya ua wa mkonge. Unasikia mchi unatwanga uani, unasalimiwa na kuitikia kabla hujapita, na harufu ya udaga wa mihogo unaokaushwa juu ya mawe inakufikia kabla hujauona.

Na kuna mengi ya kuona, ila yanataka mtu asiye na haraka. Chukua dagaa peke yake. Wavuvi huwavua usiku wa giza kwa taa, maana mwanga huwavuta dagaa juu. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, na wavuvi wengi hupumzika. Kwa hiyo mwalo, yaani ufuko wa wavuvi, unaoupita asubuhi hukueleza mwezi umefika wapi. Ukikuta mchanga wote umefunikwa na dagaa wanaometameta na akina mama wanawageuza kwa fagio, jua kwamba usiku ulikuwa wa giza. Ukikuta mchanga mtupu, nyavu zimetandazwa na vijana wanaziba matundu, mbalamwezi imewapa likizo. Aliye ndani ya gari hupita mwalo huohuo akafunga kioo kwa sababu ya harufu.

Halafu kuna msitu. Rubya, upande wa magharibi wa kisiwa, ni shamba la miti la serikali, lenye misindano iliyopandwa kwa mistari hadi karibu na maji. Ukitoka kwenye jua la mashambani ukaingia humo, hewa hubadilika ghafla. Majani yaliyodondoka yameilainisha njia, tairi halitoi sauti, na kati ya mashina unaona ziwa likimeremeta upande mmoja. Ni adabu kupita ofisini kwao kwanza na kuomba ruhusa.

Wanaosema kisiwa hiki hakina cha kuona wakumbuke pia kwamba ndiko alikotoka Aniceti Kitereza, aliyeandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaimaliza mwaka 1945, na ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Kurasa zake zimejaa kilimo, uvuvi, pombe, dawa, kutembeleana na kusalimiana. Mtu aliyetazama nchi hii kwa utulivu alipata mambo ya kujaza kitabu kizima.

Nakubali kuna mapingamizi yenye uzito. La kwanza ni jua. Ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo joto lake si la Dar es Salaam, lakini jua la saa saba halina huruma. Dawa yake ni kuondoka mapema. Huku magharibi jua huchomoza karibu nusu saa baada ya Dar es Salaam, basi mwanga wa kutosha hupatikana saa kumi na mbili na nusu, na kabla ya saa nne na nusu unaweza kuwa umemaliza safari ya siku. Alfajiri inafaa kwa sababu nyingine pia. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani. Kwenye tambarare upepo huo ndio mlima wako. Ukiupuuza utapanda mchana kutwa bila kufika kileleni.

Pingamizi la pili ni usalama, na hapo sitaki kumdanganya mtu. Hofu ya maji ina sababu: tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa. Ukivuka kutoka Kisorya kwenda Rugezi, au ukitokea Mwanza kwa meli, angalia boya liko wapi, na chombo kikijaa kupita kiasi subiri kingine. Barabarani, kaa mbali na magari ya mizigo na usiendeshe usiku. Ziwani, usioge kwenye matete yenye maji yaliyotulia, maana kichocho kipo.

Lakini upweke, ambao wengi huuogopa, haupo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 345,147 katika wilaya hii ya visiwa, kwa hiyo ni nadra kwenda mbali bila kukuta nyumba. Ukipata pancha, chini ya mwembe yupo fundi mwenye beseni la maji. Ataizamisha tyubu, atafuata mapovu hadi kwenye tundu, ataisugua, atapaka gundi na kubandika kiraka, na malipo yake utampa mkononi. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya mimi kuutetea utalii huu. Fedha ya msafiri wa baiskeli huishia kwa fundi, kwa mama lishe, kwa muuza machungwa na kwa mwenye nyumba ya wageni, kwa sababu hana namna ya kuwapita bila kusimama.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaopanga barabara za kisiwa hiki ni moja: kila barabara itakayowekwa lami ipewe njia ya pembeni ya baiskeli, yenye upana wa kutosha mchuuzi wa samaki na mtembezi kupishana. Na wewe msomaji, kama una baiskeli nyuma ya nyumba, itie mafuta kwenye cheni na ukague breki. Miezi ya Juni hadi Septemba mvua ni chache.