Dawa Ije na Maneno Yake

Mpenzi msomaji, kabla hujaugeuza ukurasa huu ukatafute vichekesho na vitendawili, nipe dakika chache tu. Nina neno ambalo limenikaa kooni tangu mwanzo wa mwaka.

Ilikuwa Jumatatu, gwaride la asubuhi, wimbo wa taifa haujafika ubeti wa pili. Nilihisi mate yakinijaa kinywani. Nikatoka mstarini mbio, nikaufikia mwarobaini ulio karibu na lango, na uji wote niliokunywa nyumbani ukaishia hapo. Niliporudi, nikijifuta kwa leso, nilikuta macho ya Kidato cha Tatu kizima yananitazama, si usoni bali tumboni. Kufikia wakati wa mapumziko ya saa nne habari ilikuwa imekwisha kuenea hadi kwa muuza viazi vya karai aliye nje ya ukuta: "Yule msichana ana mimba!"

La hasha. Sikuwa na mimba. Ilikuwa siku yangu ya nne tangu nianze kumeza dawa ya wasiwasi.

Nikaitwa ofisini. Mwalimu mmoja (simtaji, kwa kuwa baadaye aliniomba radhi, na mwalimu kumwomba radhi mwanafunzi si jambo dogo) aliniuliza maswali ambayo siwezi kuyaandika gazetini. Hapo nikaona nina njia mbili pekee. Ninyamaze niitwe mja mzito, au niseme nameza dawa za kichwa niitwe mwendawazimu. Je, wewe mwenzangu ungechagua aibu ipi? Mimi nilinyamaza, na nikapelekwa kupimwa mkojo kama mtuhumiwa. Majibu yalipotoka kwamba sina kitu, hakuna aliyeyatangaza gwarideni.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Ugonjwa huu ulinianza nikiwa Kidato cha Pili. Tatizo lake la kwanza ni jina lenyewe. Ukimwambia mtu "nina wasiwasi," atakujibu papo hapo, "usiwe na wasiwasi," kisha ataendelea na shughuli zake akidhani amekutibu. Lakini mimi sisemi wasiwasi wa kusubiri matokeo ya mtihani. Nasema moyo kudunda dududu ukiwa umekaa kitako huna la kuogopa. Nasema kupanda tuktuk kutoka Barani kwenda mjini na kushukia njiani kwa sababu pumzi imekata, huku dereva akidai nauli yake kamili. Muhula ule nilikosa shule wiki tatu. Bibi yangu aliniletea kombe nikanywa, na sidharau, maana alikuwa akinipigania kwa silaha aliyokuwa nayo. Hatimaye mama akanipeleka hospitali.

Daktari alinisikiliza vizuri, hilo lazima niseme. Akanieleza kwamba ni ugonjwa kama magonjwa mengine na una tiba. Akaandika dawa iitwayo fluoksetini, ambayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, wala si dawa ya kulevya kama wengine walivyodhani waliponipekua mkoba. Kisha nikaenda dirishani. Pale dirishani nikapewa bahasha ndogo ya khaki iliyoandikwa "1x1", na mtu wa nyuma yangu akaitwa. Basi. Hayo ndiyo maneno yote niliyopewa pamoja na dawa: moja mara moja.

Siku mbili za kwanza sikuona kitu. Ya tatu harufu ya mahamri yakikaangwa, ambayo mimi hukimbilia, ikanifukuza jikoni. Ya nne ndiyo ile ya mwarobaini. Usiku usingizi ukapaa. Nilikuwa nasikia kila mlio wa mnazi na kila mwadhini wa Malindi, wa karibu na wa mbali. Kinywa kikakauka kama nimelamba unga. Katika maabara ya kemia mikono ilitetemeka, bureti ikagongana na kishikio chake mpaka mwenzangu akaninyang'anya. Na lililo baya kuliko yote, wasiwasi wenyewe ulizidi. Nilikuwa nimeenda kuzima moto, nikaona kana kwamba nimepewa mafuta ya taa.

Nyumbani bibi alitikisa kichwa. "Mjukuu wangu, jini limeikataa hiyo dawa. Utaliudhi bure." Mama hakusema kitu, lakini nilimsikia usiku akimuuliza baba kama hizo tembe hazitaniharibu ubongo. Siku ya tisa nikaifunga bahasha, nikaitia ndani ya kopo tupu la majani ya chai, nikamaliza naye daktari. Ndivyo nilivyodhani.

Hebu sasa tusimame hapo, kwa sababu hapo ndipo penye hoja yangu. Bibi yangu huyo huyo hutuhadithia habari za klorokwini, dawa ya malaria iliyotumiwa pwani hii miaka mingi mpaka Kenya ilipoacha kuitegemea mwaka wa 1998 kwa kuwa malaria ilikuwa imeizoea. Dawa ile, asema, ilikuwa chungu, halafu ikikuwasha mwili mzima hadi ukajikuna ukutani. Watoto walilia usiku. Lakini hakuna aliyesema jini limeikataa klorokwini! Kila mama alijua: itawasha, kisha homa itashuka. Mtoto aliambiwa kabla hajameza, akavumilia kwa kuwa alijua anavumilia nini.

Tena tazama wagonjwa wa kifua kikuu. Moja ya dawa zao hugeuza mkojo ukawa wa rangi ya machungwa. Mtu asiyejua angedhani anakojoa damu, angekimbia kijiji. Kwa hiyo wahudumu huwaambia mapema: utaona rangi hii, usishtuke. Na mama mjamzito anayepewa vidonge vya madini ya chuma huambiwa choo kitakuwa cheusi. Mbona basi dawa ya wasiwasi itolewe kimya kimya kama magendo? Mgonjwa wa wasiwasi ndiye hasa asiyeweza kuvumilia jambo asilolijua. Ugonjwa wake wote ni huo! Kumpa mtu wa aina hiyo dawa itakayomdundisha moyo wiki ya kwanza, bila kumwambia, ni sawa na kumtumia mwenye kuogopa mbwa kwenye nyumba yenye mbwa na kumwambia "hodi tu."

Najua kuna watakaonijibu kwamba foleni ni ndefu na wahudumu ni wachache. Ni kweli. Jopo lililoundwa na serikali kuchunguza afya ya akili lilitoa ripoti mwaka wa 2020 likapendekeza jambo hili litangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Lakini maneno niliyoyahitaji mimi hayakuzidi dakika tano. Nayajua sasa kwa sababu nilikuja kuyapata.

Mamangu mdogo anaishi Kilifi. Alipokuja kututembelea akaliona lile kopo. Hakunigombeza. Alinichukua Ijumaa moja tukapanda matatu, nikakaa dirishani, nikafumba macho hadi tulipopita Gede, na tukaingia kliniki ya huko. Muuguzi mmoja mama mtu mzima alichukua karatasi akanichorea. Aliniambia hivi. Dawa hii huongeza kazi ya kitu kiitwacho serotonini, ambacho neva hukitumia kupelekeana habari. Kitu hicho hakiko kichwani pekee. Sehemu kubwa mno ya serotonini ya mwili imo tumboni na kwenye utumbo, ndiyo maana tumbo hulalamika kwanza. Ndani ya kichwa nako, kitu hicho huongezeka mapema, lakini ubongo huchukua wiki kadhaa kujipanga upya, mara nyingi kati ya mbili na sita. Yaani, taabu hutangulia na nafuu hufuata nyuma kwa mguu. Wengi huacha katikati, wakiwa wamekwisha kulipa nauli na hawajafika.

"Mwanangu, ungeambiwa hivi mwanzo, ungetapika?" aliniuliza.

"Ningetapika, shangazi," nikamjibu, "lakini nisingeogopa."

Alicheka sana. Daktari wa pale akanianzisha upya kwa kiasi kidogo zaidi, kisha akakipandisha polepole. Nikaambiwa nimeze asubuhi, kwa kuwa dawa hii huiba usingizi, tena baada ya kula, si tumbo tupu. Chai ya rangi nipunguze, maana ilikuwa inasaidiana na dawa kunitetemesha. (Mpwani kuambiwa apunguze chai! Lakini nilipunguza.) Kukauka kinywa nikakutibu kwa maji, na kwa kumumunya mabuyu, ambayo kanuni za shule haziyaruhusu darasani, nakiri kosa hapa hadharani. Tena nikapewa kazi: kila usiku niandike daftarini jinsi nilivyojihisi, kwa alama, kumi juu ya kumi ndio mbaya kabisa. Wiki ya kwanza nilikuwa na saba na nane. Wiki ya tatu zikaanza kuonekana tano. Siku moja ya wiki ya nne nilisahau kuandika. Kesho yake nilipogundua kwamba nimesahau, nililia, kwa sababu miezi mingi haikupita siku moja niliyousahau ugonjwa wangu.

Ramadhani ilipoingia nikapata mtihani mwingine, maana dawa ya asubuhi na saumu havipatani. Sikujiamulia mwenyewe safari hii. Niliuliza, nikapangiwa kumeza wakati wa daku, baada ya chakula. Siku mbili tatu kichefuchefu kilirudi, kisha kikaondoka chenyewe. Tofauti ni kwamba sasa nilikuwa nakijua. Nilikitazama kama mgeni msumbufu ambaye najua tarehe yake ya kuondoka.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kila kitu kivumiliwe. Yule muuguzi alinitenganishia mambo mawili, na naomba uyasome kwa makini hata kama mengine umeyaruka. Kichefuchefu, kuumwa kichwa, jasho, kukosa usingizi kwa siku kadhaa: hayo huweza kusubiri kliniki. Lakini mawazo ya kutaka kujidhuru au kufa, au kuhisi umechacharika kiasi cha kushindwa kutulia kabisa, hayo hayasubiri hata saa moja. Mwaka wa 2004 shirika la serikali ya Marekani linalosimamia dawa liliagiza onyo hilo liandikwe kwenye dawa za kundi hili, kwamba vijana wachache huweza kupata mawazo hayo, hasa mwanzoni au kiasi kinapobadilishwa. Mtu akisikia hivyo amwambie mzazi au mwalimu siku hiyo hiyo na apelekwe hospitali. Wala asiogope polisi. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu yetu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume cha Katiba. Na jambo jingine: usiikatishe dawa ghafla kwa shauri lako mwenyewe kama nilivyofanya mimi, hata ukiona umepona. Huachwa kwa mpango, kama ilivyoanzwa.

Nilisoma mahali kwamba dawa ya kwanza ya kutibu huzuni nzito iligunduliwa kupitia dawa ya kifua kikuu. Mwaka wa 1952, katika hospitali ya Sea View, New York, wagonjwa wa kifua waliopewa dawa iitwayo iproniazidi walichangamka kuliko ilivyotarajiwa, na madaktari wakashangaa. Dawa yenyewe iliachwa baadaye kwa kuwa iliumiza maini. Lakini wazo lililobaki ni kubwa: kile walichokiita athari ya pembeni kikawa ndicho kitu chenyewe. Nakieleza kisa hiki kwa sababu watu wetu wakisikia "athari za dawa" hudhani ni ishara ya sumu. Ni ishara kwamba dawa imeingia mwilini na inagusa kila mahali, panapohitaji na pasipohitaji.

Kwa walimu wetu nina maombi, si malalamiko. Mwanafunzi aruhusiwe kuwa na chupa ya maji darasani bila kuulizwa. Akiomba kutoka, atoke. Awepo mwalimu mmoja tu, mmoja anatosha, ambaye mwanafunzi anaweza kumwonyesha karatasi ya daktari na karatasi hiyo isifike chumba cha walimu ikasomwa kwa zamu. Na msichana akitapika, aulizwe kwanza "unaumwa nini?" kabla ya kuulizwa "ni ya nani?"

Kwa wazazi: bibi yangu sasa ndiye anayenikumbusha kumeza. Hajaacha kusoma dua zake, nami sitaki aache. Ila amebadilisha maelezo. Juzi nilimsikia akimwambia jirani, "Ile dawa humchezea tumbo kwanza, kisha humtuliza. Kama klorokwini zamani." Sikumfundisha mimi maneno hayo.

Sijapona kabisa. Viganja bado hulowa jasho nikisimama mbele ya darasa, na nimekonda kidogo kwa kuwa hamu ya kula hairudi haraka. Mwezi ujao nina tarehe yangu Kilifi. Gwarideni bado nasimama mstari wa nyuma, upande wa mwarobaini, kwa mazoea tu.

Mhariri wa gazeti hili aliniuliza kama nataka jina langu liandikwe chini ya makala haya. Nilifikiri siku mbili. Nimemwambia aandike kidato tu, mwakani tutaona.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Tatu.