Nitenganishe taka niweke lori gani?

Wasee, hii stori ya "vijana wa Nairobi ni wachafu" imenichosha. Mvua ikinyesha na mitaro izibe, lawama ni zetu. Sawa, kutupa chupa kwa dirisha la matatu ni ushamba, siwezi kutetea. Lakini tuulizane: hata ukiitupa kwa pipa, inaenda wapi?

Nyingi zinaenda Dandora. Jaa hilo lilifunguliwa miaka ya 1970 na likatangazwa limejaa 2001. Mwaka wa 2007 UNEP ilitoa ripoti: watoto 328 wa karibu na jaa walipimwa, na nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango. 2021 mahakama ikaamuru lifungwe ndani ya miezi 6. Malori bado yanaingia.

Sheria si shida. Ile ya 2022 inataka taka zinazooza ziwekwe kando na zisizooza kando. Inasema pia kampuni iwajibikie bidhaa yake hata baada ya wewe kuitupa. Poa sana. Lakini kwa ploti pipa ni moja na lori ni moja. Unatenganisha jikoni, wanachanganya getini.

Na hapo ndipo hasara inaanza. Maganda ya ndizi pekee yake ni mbolea. Boksi kavu ni pesa. Zikikutana, mbolea inaharibika, boksi inakosa mnunuzi, zote zinakuwa uvundo. Zaidi ya nusu ya taka za jiji hili ni za kuoza, kumaanisha tunalipa mafuta ya lori kubeba mbolea kuipeleka ikanuke Dandora.

Halafu wale tunawaita chokoraa ndio wanainama kwa moshi kuokota chupa moja moja, bila glavu, bila mshahara. Urejelezaji wa taka Nairobi unabebwa na migongo yao, na tunawadharau.

Usiniambie Wakenya hawabadiliki. Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, tukanung'unika, tukazoea. Kilichobadilika kwanza ni duka, si roho zetu.

Kwa hivyo kanjo ianze na hili: lori likichanganya taka, linyang'anywe leseni. Na wale waokotaji wapewe kazi ya kuchambua, kwa malipo, mahali safi.

Na wewe, landilodi akikuja kuchukua kodi mwezi huu, muulize pipa la pili liko wapi.